Namna ya Kulijenga Jiji Ukiwa Umekaa Kijiweni

Dar es Salaam ina wahandisi wa aina mbili. Wapo waliosajiliwa na bodi, wenye kofia ngumu na buti, ambao kabla ya kumwaga zege hupima udongo. Na wapo wa vijiweni, ambao hawapimi kitu na hawajawahi kukosea. Mwongozo huu ni wa anayetaka kujiunga na kundi la pili. Ada ni bei ya kikombe kimoja cha kahawa chungu, na hata hiyo utakopeshwa sura yako ikishazoeleka.

Benchi na saa yake

Kijiwe kinachofaa kiko kando ya barabara kubwa. Hufuati upepo pale, unafuata ushahidi: unapozungumzia foleni, foleni iwe inaonekana nyuma yako. Magomeni pazuri, Kinondoni pazuri, Buguruni ni chuo kikuu. Saa nzuri ni kumi na moja jioni, wakati wenzako wamesimama kwenye daladala shingo upande, mlango umefungwa kwa mgongo wa konda, na wewe umekunja nne unaeleza kwa nini wamebanana. Mtu aliye ndani ya foleni hawezi kuichambua foleni. Ana jasho.

Kaa jirani na mwenye gazeti, lakini gazeti lisiwe lako. Mwenye gazeti huombwa asome kilichoandikwa, na kilichoandikwa kina tabia ya kumharibia mtu hoja. Wewe tosheka na kichwa cha habari, tena ukisome kichwa chini miguu juu kutoka upande wa pili wa benchi. Kikikushinda kukisoma, sema, "Hayo tulishayasema hapa."

Mheshimu muuza kahawa. Yeye na birika lake na jiko lake la mkaa ndiye pekee kijiweni ambaye hana upande: Simba ikifungwa anauza, Yanga ikifungwa anauza, barabara ikifungwa kwa mafuriko anauza maradufu. Akigonganisha vikombe katikati ya hoja yako, elewa kwamba umemaliza zamu yako na deni lako linakumbukwa.

Kuongea kwa namba

Mtaalamu hutoa namba. Sharti lake ni kwamba iwe kubwa na asiwepo karibu mtu wa kuihakiki. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Namba hiyo ina kasoro mbili: ni sahihi, na haitamkiki kwa mkupuo. Kijiweni tuna milioni kumi, "na hao ni waliolala, bado wanaoingia asubuhi." Fedha za ujenzi zitajwe kwa bilioni. Ukimsikia mtu anataja milioni, huyo anazungumzia choo cha shule, mwache amalize.

Hoja ya mwenzako ikiwa nzito, mshike kwenye mipaka. Februari 2021 halmashauri iliyokuwa ikiitwa ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Kwa hiyo mtu akisema "jiji letu lina tatizo", muulize kwa upole, "Jiji lipi, kaka? Kwani wewe si unakaa Temeke?" Atatumia dakika tano kujieleza, na katika dakika hizo atasahau alichotaka kusema kuhusu mitaro.

Kisha tafuta shemeji. Kila mchambuzi wa kweli ana shemeji anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo wa Kariakoo, na shemeji huyo ameona. Huko daraja hujengwa usiku mmoja. Huko treni ikichelewa dakika mbili mkurugenzi anajiuzulu. Kama huna wa Guangzhou, wa Dubai atatosha, na siku hizi hata wa Kigali anasikilizwa. Angalizo: shemeji mwenyewe asiwepo kijiweni. Waliosafiri kweli huwa na maneno machache, na aghalabu huanza na "inategemea".

Mwendokasi, na jinsi ya kuanzia mbali

Hapa ndipo mjadala huiva, na ndipo wageni wengi huumbuka kwa sababu wanaanza na leo. Anayeanza na leo ataulizwa maswali. Wewe anza na UDA.

Simulia kwamba mwaka 1974 iliyokuwa kampuni ya mabasi ya DMT iligawanywa, KAMATA ikachukua safari za mikoani na UDA ikaachiwa mjini. Taja mabasi ya Ikarus kutoka Hungary, yale marefu yenye kiungo katikati, kumbakumba. Sema uliyapanda. Kama umezaliwa baada yake, sema ulikuwa umebebwa. Nenda kwenye chai maharage, gari ambalo abiria walikaa wakitazamana magoti yakigusana, na mtu alishuka akiwa anajua habari za familia nzima ya aliyemkabili. Kisha treni ya mjini, ile ya Mwakyembe, iliyoanza Oktoba 2012. Baada ya kila jina, shusha pumzi. Wasikilizaji wataona kwamba kila kitu kilishajaribiwa na kila kitu kilishaharibika, kwa hiyo hakuna atakayekudai pendekezo.

Sasa umefika mwaka 2016. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria mwezi Mei mwaka huo, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Kariakoo na Morocco, nauli shilingi 650. Yalizinduliwa rasmi Januari 2017. Wenye haraka watashangaa kwamba kitu kilibeba watu miezi minane ndipo kikazinduliwa. Usishangae nao. Uzinduzi ni tukio linalojitegemea, halina uhusiano wa lazima na kuanza kwa kazi, na utaona mbele kwamba hata kinyume chake huwezekana.

Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ya kwanza kwa jiji la Afrika, kwa sababu ya mabasi hayohayo. Itunze tuzo hii, inakata kuwili. Mpinzani akiusifu mwendokasi, mwambie akapande Kimara saa kumi na mbili asubuhi ndipo arudi azungumze. Akiuponda, mwambie dunia nzima ilitupa tuzo, yeye nani?

Na kwa kuwa umemtuma Kimara, ni vyema ujue anachokikuta. Anakuta basi linaingia na watu wanaanza kutembea nalo kabla halijasimama, mikono juu ya bodi lake, wakikisia mlango utaangukia wapi. Mlango unafunguka nusu. Mkoba wa mama mmoja unatangulia kupitia dirishani na kukaa kitini, kisha mwenyewe anaufuata kwa njia ya kawaida, akiomba radhi kwa viwiko. Kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ananyoosha mkono wenye simu juu ya vichwa, simu inaingia, yeye anabaki nje, anaanza kuidai. Mwanafunzi haingii. Basi linaondoka, na walioachwa wanasogea hatua moja mbele, mahali ambapo wanaamini mlango wa basi linalofuata utafungukia.

Haya usiyataje kijiweni. Yataibua swali la mabasi mangapi yametoka leo, mangapi yamelala gereji yakingoja vipuri, nani anaagiza vipuri hivyo na kwa fedha gani. Swali hilo halina ladha. Halina ramani ya kuchora mchangani kwa kijiti, wala halina adui mwenye jina. Nimeona kijiwe kizima, watu wazima tisa, kikivunjika kwa sababu kijana mmoja aliuliza muda wa matengenezo ya basi. Wazee walikumbuka ghafla kwamba kuna swala.

Kanuni basi ni hii: tetea kinachojengwa, usikiguse kinachoendeshwa. Zege lina mashabiki. Ubishi wa njia ipi ifuate baada ya ipi, Mbagala au Gongo la Mboto au Tegeta, unaweza kuwalisha miaka kumi, na umeshawalisha. Angalia Mbagala. Barabara ya zege ilitandikwa, vituo vikasimama, magari yakapandishwa juu pale Chang'ombe na Uhasibu, kila kitu kikang'aa. Mabasi yake yakaja 2025. Muda wote huo njia ilikuwepo na abiria walikuwepo, kila upande ukiutazama mwingine kwa uvumilivu, na bodaboda wakawa ndio watu pekee nchini waliojengewa barabara yao wenyewe. Msimamo sahihi wa kijiwe kipindi hicho ulikuwa: "Barabara si ipo? Mabasi ni kitu kidogo." Ukiambiwa wewe mwenyewe bado unaenda Kariakoo kwa daladala, jibu kwamba unaenda kwa hiari.

Jangwani inahitaji aya zake, maana hakuna mjadala wa usafiri Dar usiopitia pale, kama ambavyo hakuna basi la Kimara kwenda Kivukoni lisilopitia pale. Karakana ya mabasi iliwekwa katika bonde la mto Msimbazi. Mvua ikinyesha kweli, mto huingia karakana, barabara ya Morogoro hufungwa, na mabasi yaliyonunuliwa ili yasikae foleni hukaa majini. Kijiweni suala hili lina majibizano yake maalumu, uyashike kwa moyo:

"Nani aliyeweka karakana bondeni?"

"Mzungu."

"Mzungu yupi?"

"Mshauri."

Hapo inatosha. Usiendelee hadi kwa aliyemsikiliza mshauri, huko kuna watu tunaofahamiana nao.

Ukitaka kuonekana msomi, ongeza mipango miji. Dar ilichorewa mpango mkuu mwaka 1949, mwingine 1968, mwingine 1979. Hii miwili ya mwisho ilichorwa na makampuni ya Kanada, yaani mji wa masika ulichorewa mitaro na watu wa theluji, na bado, tukiwa waungwana, walijua kwamba bondeni hapajengwi. Mpango mkuu uliofuata unahesabiwa kuanzia 2016 hadi 2036. Katikati hapo, zaidi ya miaka thelathini, mji ulijipanga wenyewe: mwenye shamba alikata viwanja, mwenye kiwanja akaacha kichochoro cha kupitisha jeneza, na hicho kichochoro ndicho leo tunachokiita barabara ya mtaa. Sasa kuna mradi wa bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, wenye daraja la Jangwani la mita 390. Wewe usilipinge daraja. Uliza tu kwa sauti ya masikitiko kwa nini lisingevutwa kidogo hadi kituo cha Fire. Hakuna daraja duniani ambalo huwezi kulisikitikia kwamba lingeongezwa kidogo.

Flaiova nazo zina adabu zake. Pale TAZARA tuna ya Mfugale tangu 2018, pale Ubungo ya Kijazi, ghorofa tatu za barabara, tangu Februari 2021. Mwenye akili ndogo atauliza kama foleni imeisha. Foleni haikuisha, ilihama, na sasa inakusubiri kwenye taa zinazofuata, ambako taa zinawaka kijani na trafiki amesimama katikati akiwazuia wenye kijani na kuwaita wenye nyekundu. Mtazame vizuri mkono wake wa kushoto: umelala nyuma ya mgongo, umetulia, haumo kazini. Wa kulia peke yake ndio unaoendesha mji.

Uwanja, au jinsi ya kuleta jezi kwenye hoja

Mjadala wa uwanja una nafuu moja. Hauhitaji ujuzi wa ujenzi, unahitaji jezi.

Mambo ya msingi ni machache. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa 2007, una viti 60,000, ni mali ya Serikali, na uko ubavuni mwa Uwanja wa Uhuru, pale bendera ilipopandishwa Desemba 1961. Yanga ilizaliwa 1935 na Simba 1936. Kwa hiyo vigogo wawili wenye umri wa bibi na babu, wenye mashabiki kutoka Kigoma hadi Muscat, wamekuwa wapangaji maisha yao yote, huku Azam, klabu ya juzi, ikichezea kwake Chamazi. Ukitaka kuwanyamazisha Simba na Yanga kwa pamoja, taja Chamazi. Lakini usifanye mchezo huo mara kwa mara, utakosa wa kunywa naye kahawa.

Badala yake, wapeleke kwenye ndoto. Yanga wana makao Jangwani na uwanja wao wa Kaunda, ambao mto Msimbazi huutembelea, ndiyo maana wanaitwa vyura, na siku hizi wanaitikia. Kwa miaka wamezungumzia kujenga uwanja mkubwa palepale. Simba wana eneo Bunju, mbali kaskazini, na wao pia wana michoro. Chini ya matusi ya vyura kwa Yanga na mbumbumbu kwa Simba limelala swali zuri sana la mipango miji: je, uwanja ukae katikati ya mji, mtu atoke dukani Kariakoo afike kwa miguu, hata kama ardhi ni ya maji? Au ukae ukingoni kwenye ardhi kavu na pana, kisha maelfu ya watu wasafirishwe kwenda na kurudi usiku kwa barabara moja? Miji mikubwa duniani imegombana juu ya swali hilohilo hadi mabaraza yao yakagawanyika. Sisi tunalitatua kwa kuuliza nani alifungwa mechi ya mwisho.

Siku ya mechi ya watani ndiyo siku ya maabara. Mpira ni saa kumi na moja, lakini mwenye tiketi ya mzunguko amefika saa tano asubuhi, ana chupa ya maji ambayo atanyang'anywa getini na redio ambayo hatanyang'anywa. Barabara za Mandela na Chang'ombe zinajaa, na wanaotoka Buguruni wanashukia TAZARA na kukata kwa miguu. Kipenga cha mwisho kinapolia, watu 60,000 wanatoka kwa wakati mmoja kutafuta daladala ambazo zimefuta ruti zao na kuandika moyoni bei mpya. Konda haiti tena kituo. Anataja bei tu, wewe ndiye unayeuliza gari linaenda wapi.

Mtu atasema, na huwa yupo wa kusema, kwamba njia ya mwendokasi ya Mbagala inapita Kilwa Road karibu kabisa na uwanja, basi mabasi yapangwe yawe yanasubiri kipenga. Mwangalie kwa huruma. Huyo anataka kututatulia tatizo bila kujenga kitu. Mjibu kwamba dawa ni uwanja mwingine.

Uwanja mwingine ni dawa ya kila kitu. Taa za Mkapa zilizimika Aprili 2023 Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria, mashindano ya Afrika, Afrika ikitazama: dawa, uwanja mwingine. Ukafanyiwa ukarabati, Oktoba mwaka huohuo Simba na Al Ahly wakafungulia hapo African Football League, mabao mawili kwa mawili, wageni wakubwa jukwaani, tukasifiwa. Machi 2025 Simba ikasema imezuiwa getini ilipokwenda kufanya mazoezi ya usiku kabla ya kukutana na Yanga, na mechi ile ikaahirishwa hadi Juni. Kisha Mei 2025, Simba imefika fainali ya Kombe la Shirikisho, mchezo wa marudiano na RS Berkane ni wa nyumbani, CAF wakaukataa Mkapa kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Fainali ikavuka bahari ikachezwa Amaan, Zanzibar, ikaisha sare ya bao moja, na kombe likaenda Morocco.

Kwa hiyo nchi yenye uwanja wa viti 60,000 ilipeleka fainali yake kwenye uwanja mdogo wa visiwani kwa ajili ya nyasi. Nyasi zinahitaji maji, mchanga, mashine, mtu anayelipwa kila mwezi na ruhusa ya kumwambia mkubwa kwamba wiki hii hapachezwi, hapafanyiwi tamasha, hapafanyiwi mkutano. Lakini nyasi haziwekewi jiwe la msingi. Sijaona utepe ukikatwa kwa ajili ya kumwagilia. Ndiyo maana kijiweni somo la nyasi humalizwa kwa sentensi moja, "wamekula", na mjadala hurudi kwenye michoro ya uwanja mpya, wenye paa, wenye taa za rangi, wenye maegesho ya magari ambayo wengi wetu hatuna.

Safari hii hoja imepata mbawa. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa AFCON ya 2027, na Arusha ikapangiwa uwanja wa watu 30,000. Usiulize nani ataujaza Jumatano ya mvua baada ya wageni kuondoka. Ukiuliza Arusha, utajibiwa "utalii", jibu ambalo pale hutumika hata kwa swali la maji kukatika. Dodoma nao wana yao: Mfalme wa Morocco aliwaahidi uwanja alipotembelea nchi mwaka 2016, na ahadi ya mfalme haizeeki, inakomaa.

Alama ya X

Kuna mahali pamoja ambapo mwongozo huu haukusaidii. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande. Leo pana njia pana, magari yanakimbia, na kijiweni utataka kuisifu. Kabla hujaisifu, tazama benchi lote. Akiwepo mtu wa Kimara wa rika fulani, mwenye nyumba iliyopigwa X nyekundu ukutani na hakuona fidia, usimwambie kuhusu Guangzhou. Hatabishana nawe. Ataweka kikombe chini, atalipa kahawa yake na yako, ataondoka.

Badilisha mada, hata kwa mechi.

Ukialikwa kutoa maoni

Sifa zako zikienea, utaitwa kwenye mkutano wa wadau. Huenda ni LATRA wanasikiliza maoni ya nauli, huenda ni manispaa na mradi wake. Ukumbini kuna feni moja inayofanya kazi, na viti vilivyo chini yake vimekwishakaliwa na waliowahi. Projekta inaonesha mchoro wenye miti mingi na watu weupe wanaotembea na mbwa, katika mtaa ambao unaufahamu na hauna mti.

Ukipewa kipaza sauti, kigonge mara mbili, kisha anza: "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sina mengi." Haya maneno ni leseni ya dakika ishirini. Shukuru Serikali, shukuru wafadhili, shukuru waandaaji, kumbuka marehemu wote waliolitumikia jiji. Hoja zako ziwe tatu na zisibadilike kwa mradi wowote, wa uwanja, wa basi au wa machinjio: elimu itolewe kwa wananchi, tushirikishwe, na iundwe kamati. Mwandishi wa kumbukumbu ataziandika kabla hujazisema.

Wamiliki wa daladala wataeleza bei ya mafuta. Wako sahihi. Mtetezi wa abiria ataeleza mshahara wa mlinzi wa Mbagala anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Naye yuko sahihi. Itafika wakati, kati ya soda na sambusa, utahisi kwamba hawa watu wawili wangeachwa peke yao na karatasi moja na kalamu wangemaliza hadi jioni. Pambana na hisia hiyo. Omba nafasi ya nyongeza.

Hatari pekee

Mchambuzi wa jiji hana adui mkubwa, ila mmoja: mwenyekiti wa serikali ya mtaa akija na daftari.

Hutokea Februari mwishoni, masika inakaribia. Nyuma ya kijiwe chenu kuna mtaro. Ulijengwa kwa mradi, ulizinduliwa, una hadi kibao chenye jina la aliyeuzindua. Sasa hivi umebeba chupa za plastiki, matope, maganda ya nazi na godoro moja ambalo kila mtu anajua ni la nani. Maji yakija hayatapita humo, yatapita kijiweni, yatazima jiko la kahawa na kuendelea hadi vyumbani kwa watu. Mwenyekiti anaomba kila kaya itoe shilingi 2,000, na Jumamosi asubuhi kila mwenye koleo aje nalo.

Atawakuta mnajadili daraja. Atasimama kwanza, kwa adabu, asubiri mfike ng'ambo. Kisha atafungua daftari, na jina lako litakuwa juu kwa sababu wewe ndiye unayesikika zaidi.

Majibu yako matano, chagua kulingana na hali ya hewa. La kwanza, mtaro ni wa manispaa. La pili, ni wa TARURA. La tatu, wewe ni mpangaji, amtafute mwenye nyumba. La nne, mwaka jana tulichanga, taarifa ya mapato na matumizi iko wapi? Hili ni la hatari, maana mwenyekiti wa sasa anaweza kuwa nayo, ameikunja vizuri, ndani ya daftari hilohilo.

La tano ni kutoa noti ya 10,000 huku ukimwambia achukue 2,000 arudishe chenji. Hatakuwa nayo. Mwambie apite kesho, kisha mrudishie mwenzako zamu aendelee na daraja pale alipoliacha.